Majina Niliyompa Nyangeta

Jumamosi, Novemba 1994. Manyunyu alfajiri, kisha jua la kuchoma utosi.

Ng'ombe wa Kanda ya Ziwa wangeruhusiwa kupiga kura leo, mimi ndiye ningekuwa rais wao, tena bila kampeni wala kofia za bure. Darasa la sita niliondoka mwenyewe kabla halijanichoka, lakini nyuma ya plau mimi ni profesa. Ukiupima mstari wangu kwa kamba, kamba ndiyo itaonekana imepinda.

Leo yalikuwa mashindano ya vilabu vya vijana wakulima vya kanda nzima, huko Butimba. Sisi wa Kamanga tulivuka na kivuko cha kwanza: Bwana shamba wetu, binamu yangu Luhende anayetangulia mbele ya ng'ombe, wenzetu wa klabu, mimi mwenyewe, na maksai wetu wawili. Wa kulia anaitwa Ruksa, wa kushoto Mageuzi. Baba aliwapa majina hayo mwaka ule maduka yalipoanza kujaa bidhaa na redio ikawa haina habari nyingine. Tulipopita nao katikati ya mji, karani mmoja alitoka benki na tai yake kuja kushangaa. Nikampungia mkono kama mgeni rasmi.

Zawadi ya kwanza ya kulima ilikuwa plau mpya. Klabu yetu haina plau. Tunaazima kwa Mzee Budodi, naye anatupa akishamaliza mashamba yake yote, pamoja na ya wakwe zake. Msimu uliopita mahindi yetu yalikuwa yanachungulia tu wakati wenzetu wanapalilia mara ya pili. Kwa hiyo mimi sikwenda Butimba kuuza sura, ingawa sura ninayo.

Niseme ukweli, vijana wa kanda hii wanatisha. Nilizunguka nikitafuta cha kucheka nikakosa. Wa Magu walikuja na jogoo mkubwa hata nikataka kumwamkia shikamoo. Wasichana wa Ukerewe walikuwa na miche ya michungwa waliyoipandikiza wenyewe, na mmoja wao alinieleza namna ya kufunga kikonyo kwenye shina kwa utaratibu hadi nikajikuta nauliza maswali. Mimi, kuuliza!

Halafu waamuzi wakatangaza jambo lililonishusha mabega. Hakuna kulima na ng'ombe wako. Mtabadilishana kwa kura, na atakayechapa ng'ombe fimbo atapunguziwa alama. Wanataka kuona mlimaji, walisema, si mazoea.

Kura ikanipa ng'ombe wa Nyangeta, msichana wa Majita, mrefu, miguu peku, kitambaa cha klabu amekifunga kichwani badala ya shingoni. Yeye akapata wangu.

Alinifuata palepale, kabla sijajua niweke wapi mikono. Alisema kaka, wangu huyu wa kulia ni Subira na yule ni Mgeni.

"Mgeni usimwite kwa nguvu, atasimama," akasema. "Mwite polepole kama unaamsha mtoto. Wako je, wanaitikia majina gani?"

Kwetu ukimpa mtu ng'ombe alime naye, unampa na jina. Hata jirani uliyegombana naye kwa mpaka wa shamba, ng'ombe akienda kwake, jina linakwenda. Baba anasema ng'ombe usiyemjua jina ni nyama inayotembea.

Nikaiona ile plau imeegeshwa mbele ya meza ya waamuzi, rangi yake nyekundu haijaguswa na udongo.

Nikamwambia, "Wa kulia Shemeji. Wa kushoto Diwani."

Luhende alinitazama. Nikamkanyaga mguu.

Nilianza mimi. Nilimwita Mgeni kama alivyonifundisha, kwa sauti ya kuamsha mtoto, na yule ng'ombe akatembea kana kwamba tumezaliwa naye nyumba moja. Subira naye hakuniaibisha. Mistari yangu ilikaa kama daftari jipya. Watu walipiga makofi, nikainua kofia.

Ikaja zamu ya Nyangeta. Akashika mikono ya plau, akaita Shemeji. Watu wakacheka, jina lenyewe lilikuwa la kuchekesha. Ruksa hakutikisa hata sikio. Akaita Diwani. Mageuzi akaanza kula majani ya pembeni. Mdogo wake aliyekuwa mbele akavuta kamba, wakaenda upande, mstari wa kwanza ukatoka umepinda kama nyoka aliyekunywa gongo. Nami nilicheka na wengine. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mwingine angewachapa fimbo, au angelia. Yeye aliacha plau ardhini katikati ya shamba, muda wake unakwenda, waamuzi wanaangalia saa, akaenda mbele. Akawanusisha viganja. Akapitisha mkono chini ya nira ya Ruksa, akagundua kamba inamkata shingo, akailegeza. Mimi mwenye ng'ombe sikuwa nimeiona. Kisha akarudi nyuma, akaacha kabisa kuita majina. Akaanza kuwapigia mluzi, mmoja mfupi wa kwenda, mmoja mrefu wa kugeuka. Mstari wa pili ukanyooka kidogo. Wa tatu ukanyooka. Kuanzia wa nne hadi wa mwisho, jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Mimi ninayejiita profesa nilisogea hadi kwenye kamba ya mpaka nikasahau kufunga mdomo. Ng'ombe wangu mwenyewe walimtii kuliko wanavyonitii mimi, na hawakuwa wamemjua hata nusu saa.

Waamuzi walijumlisha. Mstari wake wa kwanza ulimwangusha, na ule muda aliosimama. Nikawa wa kwanza, yeye wa pili, kwa tofauti ndogo. Mgeni rasmi alinishika mkono mbele ya kanda nzima akasema vijana kama huyu ndio taifa. Bwana shamba alifuta macho, akasingizia vumbi. Nyangeta akapewa jembe la mkono na ndoo.

Alinikuta nawafunga kamba Ruksa na Mageuzi. Nilidhani amekuja kunisema, nikatayarisha utani. Kumbe alikuja kunipongeza. Alisema nimempokea Mgeni vizuri, wengi wanamfokea. Akamkuna Mageuzi katikati ya pembe.

"Nyumbani tuna ndama dume, bado hajapewa jina," akasema. "Nitamwita Diwani, kama huyu. Nilimchosha bure leo, na bado alinisikiliza."

Nimewahi kumjibu mwalimu mkuu, mgambo na padri. Huyu nilimwambia ahsante, nikakaza tena fundo nililokuwa nimeshalikaza. Wakapakia ng'ombe wao kwenye lori, akaondoka ameshika ndoo yake.

Kwenye kivuko wenzangu waliimba kuanzia Mwanza hadi Kamanga. Mama ameipangusa plau kwa khanga yake kama mtoto aliyetoka kuoga. Mzee Budodi amepita kuitazama, na kwa mara ya kwanza ndiye aliyenisalimu kabla sijamwamkia. Wiki ijayo tutalima mapema, klabu nzima, na mahindi hayatachelewa. Yote hayo ni kweli na yote ni mazuri.

Luhende hajaniambia neno tangu Butimba. Anakula upande wa pili wa mlango.

Wenzangu wanauliza kama kuna kilichoharibika safari nzima, nasema hakuna. Kipo. Aliniuliza majina kwa heshima baada ya kunipa ya kwake, nami nikamdanganya. Aliyelima vizuri kuliko wote leo ni yeye, na plau aliyoshinda iko uani kwetu.