Ananiambia Niondoe "Le", Nianze na "Le"

Mpendwa Shangazi Suzana, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu, maana mimi ni mtu mwenye furaha, kazi ninayo, mchumba ninaye, ila kompyuta inataka kunivunjia uchumba na nikimweleza mama anacheka tu. Nafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua hapa mjini, na tangu biashara ziwe huria kila mtu analeta kompyuta, hata bosi wangu aliyekuwa anauza mitumba analo duka lenye mbili, basi mchumba wangu Luhaga, kijana wa Buhongwa anayesoma kompyuta Dar, akanitumia sidii yenye programu za bure ili tuchape vitabu vya kwaya, lakini Shangazi programu hizo haziji zimeiva, zinakuja mbichi, mashine ndiyo inaziunda, na kila ikiunda inakwama inadai kuna programu nyingine haijaiona, nikiiweka hiyo nayo inadai mwenzake, hadi nikafika mahali inaandika kwamba haipati lreadline, na kwenye sidii hakuna kitu chenye jina hilo.

Nikaenda kwenye simu ya kulipia nikampigia Luhaga, akasema, "Mina mpenzi, ondoa hiyo le ya mwanzo, jina linaanza na le." Nikamuuliza, niondoe le halafu nianze na le? Akajibu, "Ndiyo, le! Kwani ziko ngapi?" Nikaona labda anataka niiondoe ile re, nikatafuta leadline, hakuna. Nikapiga tena, akarudia vilevile huku anacheka, nikamkatia simu.

Sasa nahisi hajui kitu, au ananidharau kwa kuwa sikufika chuo, na anayenidharau leo atanifanyaje akishanioa? Mzee Mihayo, mshenga wao, anakuja nyumbani Jumapili baada ya Pasaka kupanga tarehe ya harusi, nami pete nimeshaifunga kwenye leso nimkabidhi airudishe. Nimkabidhi, Shangazi? Na hii programu niifute?

Wilhelmina, Ilemela

*

Marahaba, Wilhelmina. Kwanza fungua hiyo leso uvae pete yako, ndipo tuongee.

Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wamekuja kuuliza kuna nini. Mwanangu, unaishi Mwanza, umechumbiwa na Msukuma, na bado hujui kwamba kwetu Wasukuma re ni mgeni? Mimi mwenyewe nyumbani ni Sengerema, na nikikasirika "rafiki" hunitoka "lafiki". Luhaga alikuwa anakuambia uondoe le, uanze na re. Ile le ni ya mashine, huitanguliza mbele ya jina la kitu inachokikosa. Jina lenyewe ni readline. Wewe ukafuta herufi ya haki ukabakiza ya kupachikwa, halafu ukamhukumu kijana wa watu.

Najua inavyouma kujiona mjinga kwenye simu, tena na watu wamepanga foleni nyuma yako wanakusikiliza. Kwa hilo nakupa pole. Lakini kucheka si kudharau. Masikioni mwake Luhaga alikuwa anatamka re safi kabisa, akashangaa mchumba wake ana nini leo.

Programu usiifute. Weka hiyo readline, kisha ondoa vipande vilivyoundwa nusunusu na uanze upya, maana mashine ina tabia ya kung'ang'ania makosa ya jana. Ikikwama tena, usikodolee macho mstari wa mwisho. Panda juu usome lalamiko la kwanza; mengine yote huwa watoto wake. Kinachokosekana kitafute kimoja kimoja, wala usilazimishe, haraka haraka haina baraka. Na ukiwa na shaka na herufi, mwombe Luhaga akupe mfano. Akikuambia "le ya ledio," umeshapata jibu.

Sasa ndoa. Kosa lako ni kwamba ulikasirika, ukakata simu, ukafunga pete, na katika yote hayo hukumwambia mwenyewe hata neno moja kwamba amekuumiza. Ukiingia nayo ndani tabia hiyo, utafunga leso kila wiki. Mpigie kesho, mweleze kilichokuuma, kisha mcheke wote wawili.

Mzee Mihayo akifika, mpe chai na umpe tarehe. Na siku hiyo mbele ya padri usiwe na wasiwasi wa kusikia vibaya. Luhaga atasema "nakubali", na humo, mwanangu, le ni le.