Kiti cha Nyuma

Mjukuu wangu Okello,

Umenizidi umri, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako, basi pokea salamu kutoka hapa Mbuya, Kampala. Baba hajambo, ingawa tangu mama afariki anaongea kidogo.

Unauliza kama ufunge shokapu ngumu kwenye pikipiki kabla ya kumleta mama yako hospitali kutoka Gulu, na mgongo wake ule unaomuuma.

Nilipokuwa msichana, baba akiwa bado askari, alifunga shokapu ngumu kwa safari ya kwenda kwetu kaskazini. Mimi nilipakiwa na askari mwenzake kwenye pikipiki ya pili, tukiwafuata yeye na mama. "Sasa imetulia!" baba alipiga kelele kwa furaha. Mama, nyuma yake, hakulalamika, na baba akadhani anaona raha. Karibu na Karuma mama akamgusa bega.

"Mzee, nishushe. Nitatembea kidogo."

Baba akamwomba mwenzake amwendeshe kwenye pikipiki ileile, yeye akakaa nyuma. Walipozunguka na kurudi, baba alishuka ameshika kiuno.

"Askari mzima umechoka?" mama akamcheka.

Tuliporudi Kampala baba alirudisha shokapu za zamani.

Sijui zipi zitaifaa pikipiki yako. Najua tu kwamba mama yako naye halalamiki. Kabla hujanunua, mwombe rafiki akuendeshe, ukae pale atakapokaa mama yako.

Bibi yako,
Akello