Nyumba Iliyoachiwa Nafasi ya Mshono

Jumamosi, 6 Januari

Leo tumepima nyumba! Yaani tumepima mahali itakapokaa, maana nyumba yenyewe bado ni nyasi na vichuguu viwili. Mume wangu kaja na tepu yake ya cherehani, ile inayokaa shingoni. Nikamwambia wenzio wanapimia tepu ya chuma. Akasema inchi ni inchi, haijui kama inapima kiuno au ukuta. Basi mimi nikashika kamba, yeye akapima na kuchomeka vijiti, pini zimejaa mdomoni. Pini za nini huku porini? Mazoea.

Mwashi hatuajiri. Tumeshakata shauri: msingi wenyewe, kuta wenyewe, paa wenyewe. Yeye fundi nguo, mimi msusi. Anasema nyumba ni koti tu, ila halivuliwi. Mimi nasema aliyeweza kunyoosha mistari kwenye kichwa cha mtoto anayelia hashindwi na mstari wa matofali. Tumejisifu mpaka basi, halafu tukagundua jembe tumelisahau mjini.

Tunalala kwenye kibanda cha turubai. Funguo za chumba cha kupanga tumesharudisha. Nyuma hakuna pa kurudi.

Jumatano, 17 Januari

Msingi umekwisha. Mikono yangu jamani! Nikimshika mtu kichwa leo atadhani kapitishwa msasa.

Jirani yetu ni mama mmoja mfugaji wa kuku. Kila asubuhi anapita na pole zake. Pole na kazi, pole na jua, pole na mawe. Leo kanikuta nimekaa tu nakunywa maji, akanipa pole ya kukaa. Tumempa jina: Bi Pole. Lakini leo ametuonya pia. Matofali yetu ni mabichi, udongo uliokaushwa juani, hayajachomwa. Ukuta wa namna hiyo na maji haviivi. Mvua ikitangulia paa, tutabaki na rundo la tope. Na mvua za huku, kasema, mwezi wa tatu hazikosei.

Mume wangu kasema mwezi wa tatu uko mbali, tutakuwa tumeshapaua na kunenepa. Nimecheka naye. Ila usiku nimehesabu miezi kwenye vidole, nikaona si mbali hivyo.

Jumapili, 28 Januari

Kuta zimefika magotini. Tunajenga kila mtu upande wake, tunakutana kona. Wangu umenyooka. Wake una kitambi kidogo katikati. Nimemwonyesha. Anasema kitambaa kikipigwa pasi kinakaa sawa. Pasi! Nikamuuliza atapigia ukuta pasi ya mkaa au ya umeme.

Madirisha anayaita vifungo. Mlango anauita ukosi. Mtu huyu atanimaliza. Nimefurahi leo bila sababu, nimechoka na nimefurahi.

Jumanne, 13 Februari

Matofali yameisha! Ukuta wa jikoni bado haujafika hata kiunoni. Tulipiga hesabu vizuri, mimi na yeye, mara mbili, na tukaongeza ya kuvunjika. Ajabu. Yeye anashuku wezi. Nani aibe tofali bichi? Mimi nimewatazama kuku wa Bi Pole kwa jicho baya, nao hawana hatia.

Basi tumerudi kwenye tope. Kufyatua, kuanika, kungoja jua. Siku zinapotea, na mawingu yameanza kupita pita huko mbali, madogo madogo. Hayana neno, anasema.

Jumanne, 27 Februari

Zimesimama! Kuta zote!

Nimeingia kwa mlango, kama mgeni mwenye adabu. Hii sebule. Hiki chumba cha kulala. Hili jiko — jiko langu, naweza kugeuka na sufuria mkononi bila kumgonga mtu. Nimezunguka peke yangu mpaka mume wangu akauliza natafuta nini. Nimeona kama ni kubwa kuliko tulivyochora. Nikasema moyoni, penzi hilo, chako hukioni kidogo.

Kesho mbao za paa.

Jumamosi, 2 Machi

Mabati hayatoshi.

Niandike tena ili niamini: mabati hayatoshi! Tuliyanunua mapema kwa kufuata ramani, yalikuwa sawasawa. Mbao zilipopungua urefu tuliziunga, tukalaumu muuza mbao. Lakini bati huwezi kuliunga na bati usilo nalo. Tumeezeka kutoka sebuleni, tukapita chumba cha kulala, tukafika jikoni — yakaisha. Jiko karibu lote linatazama mbingu.

Mume wangu kashuka. Kachukua tepu, kapima ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu akakaa chini, akacheka kile kicheko cha mtu aliyefumaniwa. Kumbe kila ukuta alikuwa ameuachia nafasi ya mshono, ile ziada ya kushonea! Huku kidogo, kule kidogo. Miaka yote hajakata kitambaa bila kuacha nafasi ya mshono, mkono umefanya wenyewe, kichwa hakikuulizwa. Ndiyo maana matofali yaliisha. Ndiyo maana niliona jiko kubwa. Penzi wapi!

Nikamwambia mshono peke yake hauli jiko zima. Akainamisha kichwa. Akasema aliongeza na kidogo ya kukulia, kama sare ya shule. Nikamuuliza nyumba itakua lini. Akasema si nyumba itakayokua, ni sisi.

Siku nyingine ningelainika. Leo nimemwacha hapo hapo, nikaenda kukaa na kuku wa Bi Pole mpaka hasira zikapoa. Nikampigia simu mama mkwe, maana ndiye aliyemfundisha kushona. Nilitaka mtu wa kulaumu. Kacheka mpaka akakohoa. Kasema: mwanangu, ulitaka nyumba ya kukubana?

Wote ukoo mmoja.

Jumatatu, 4 Machi

Mawingu si madogo tena.

Asubuhi tumebishana. Yeye anasema ukuta wa jikoni tuubomoe, tuusogeze ndani, koti pana hupunguzwa. Nikasema ukuta haupunguzwi kwa mkasi, na mvua ikitukuta tumeubomoa tutakuwa hatuna koti wala kitambaa. Mabati mengine ni mpaka nirudi mjini nikasuke vichwa vya watu wiki kadhaa. Wiki kadhaa mvua haitupi.

Bi Pole kapita, kasikiliza, katoa pole ndefu, kaondoka. Karudi anaburuta turubai la lori, la kale, lina matundu ya kupitisha paka. Mume wangu alivyoliona! Uso ukawaka. Cherehani ikajaribu, sindano ikakatika, ikakatika nyingine. Basi kachukua shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, kakaa chini miguu kainyoosha, kashona siku nzima kwa mkono. Viraka vimekaa vizuri ajabu. Sijamwambia kwamba nimempenda leo, bado nina hasira za juzi kidogo.

Ila nilimfokea jambo moja: akate sawasawa na nafasi iliyobaki, asiniongeze-ongeze tena!

Jumanne, 5 Machi

Limepanda. Tumelivuta, tumelikaza kwa kamba na mawe. Jiko limefunikwa — lote isipokuwa kona ya nje. Hapo limepunguka mkono mmoja. Alikata sawasawa, bila kuacha hata unywele, kwa sababu nilimfokea.

Alinitazama tu. Nikasema haya, haya, nimesikia.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua.

Imetukuta mchana tunakula, haikutanguliza hata upepo. Matone mazito, kisha maji tu. Mabati salama. Viraka salama — hata tone! Lakini ile kona. Maji yalishuka juu ya ukuta, ukaanza kutoa tope jembamba, kama chai ya maziwa. Tofali la juu likapoteza ncha zake. Nimewahi kuliona lile tofali likifyatuliwa. Ni langu.

Mume wangu kaitazama kona, kanitazama mimi, kakitazama kibanda tunacholala. Sikungoja aseme. Nikapiga kelele: kivue! Tukang'oa vigingi, tukalivuta turubai la kibanda chetu, godoro likabaki uchi, cherehani, masufuria, vitana vyangu vyote mvuani. Bi Pole akilisikia hili atakosa pole ya kututosha. Tukaivika kona kwanza. Ukuta kwanza, sisi baadaye. Ndipo tukaanza kukimbiza vitu sebuleni, maana pengine hapakuwepo.

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlango hakuna. Sakafu hakuna. Godoro limesimamishwa ukutani linachuruzika. Siku ya kuhamia tulikuwa tumeipanga: nguo safi, mama mkwe amekaa kwenye kiti kizuri, nyumba imepigwa chokaa. Kumbe ndiyo leo! Tumehamia! Mimi nina kiatu kimoja. Nimemwambia mume wangu, mabati yakameza maneno. Nikarudia kwa sauti ya juu: TUMEHAMIA! Akaangalia huku na huku, akaiona cherehani yake sebuleni, godoro, mimi juu ya ndoo. Akacheka, na macho yake hayakulowa kwa mvua tu.

Kona siielewi bado. Nimepitisha mkono chini ya turubai, matofali ya juu yamelainika, kidole kinaingia. Ya chini ni magumu. Labda yatashika. Yeye kauegemea ukuta kwa mgongo. Nimemwambia ukuta hauzuiliwi kwa mgongo wa mtu. Anasema anajua. Haondoki.

Kuna mtu nje. Bi Pole huyo, mfuko wa plastiki kichwani, chupa ya chai kwapani. Kasimama palipo na uwazi wa mlango, mvua inampiga, hapiti. Si angepita tu? Hakuna cha kumzuia! Anapiga hodi. Hodi kabisa, na kujirudisha nyuma kidogo kama anayesubiri mwenye nyumba.

Tumetazamana. Kwa mama niliitikia hodi za mama. Kwa mama mkwe, za mama mkwe. Mjini zilikuwa za baba mwenye nyumba. Mume wangu hawezi kutoka ukutani, ananiashiria kwa kidevu: itikia wewe. Na mimi nimekaa na kalamu, mjinga mimi, na mtu analowa.

Kapiga ya pili. Ngoja niitikie —