Mimi Iko

Wani ndugu yangu,

Jumamosi bado tunaokota vioo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za mama yako, na yeye angekusikia angekufukuza na mwiko.

Hakuna anayelipwa, kama zamani. Kabla mpira wa raga haujaguswa, klabu nzima inajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, inakivuka kiwanja polepole ikiokota mawe, miiba na chupa zilizovunjika kwenye harusi za watu. Desturi hiyo uliileta wewe, pamoja na lile kopo lako la rangi lenye kishikio cha waya. Kocha Poni anaita majina ili ajue kila kipande cha kiwanja kina mtu wake. Sisi tuliolelewa ukimbizini Kenya tunajibu "niko". Wewe uliyekulia Uganda ulijibu kwa sauti ya kuamsha mbuzi wote wa mtaa wa Nyakuron: "Mimi iko!" Nimekwambia mara ngapi, sema niko, inatosha. Ukanijibu, "Wewe najua Kiswahili, mimi najua kuokota."

Tangu malaria ikuchukue, Kocha bado anakuita. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Anaita, tunanyamaza, kisha anaita Keji. Nafasi yako kati yangu na Keji tumeiacha wazi, upana wa mtu mmoja, tunatembea nayo hadi mwisho wa kiwanja. Na humo nakusikia. Haki ya Mungu nakusikia. Jiwe linaanguka kwenye kopo, tang, kuliani kwangu. Nageuka, naona nyasi tu. Kopo lenyewe liko kwangu New Site chini ya kitanda, nililiomba siku ya mazishi. Nimelifunika kwa gunia na bado linalia. Naogopa, Wani. Na naogopa zaidi kwamba siku moja litanyamaza.

Sasa nikwambie baya. Juzi juzi Keji aliangushwa mazoezini, goti likatua juu ya kipande cha chupa. Alishonwa, bado anachechemea. Tulipotazama pale penye damu, palikuwa ni kwenye nafasi yako, pale tunapopaacha bila kuokota kwa heshima. Vioo vimejaa. Wazazi wa mtaa wa Munuki wakasema watoto wao hawatakanyaga tena kiwanja hicho, na bila watoto wale klabu haipo. Kocha akasema mtu aingie kwenye ile nafasi. Nikamkatalia mbele ya wote. Nikasema atakayeingia pale nitamwangusha mwenyewe, na si kwa sheria za raga. Bora klabu ife kuliko nione mgongo wa mtu mwingine pale. Nilisema hivyo, na nilimaanisha.

Jumamosi iliyopita mama yako akaja kiwanjani na kitenge chake cheusi cha msiba. Sijui nani alimwambia. Hakunisalimu. "Wewe mtoto, kopo ya mtoto yangu iko wapi?" Nikapanda boda hadi New Site, nikarudi nalo, watu wote wamesimama wananingoja. Akalichukua, akaingia kati yangu na Keji.

Kocha akaanza kuita. Alipofika kwako jina likatoka nusu. Mama yako akajibu, Wani, kwa sauti ileile yako, hadi mbuzi wakainua vichwa:

"Mimi iko! Yala, twende."

Yeye sikumsahihisha. Tulitembea. Aliinama na mgongo wake ule unaomsumbua, jiwe likalia tang, nikageuka, na safari hii palikuwa na mkono. Nililia hadi mwisho wa kiwanja, hata sikuona nilichokuwa nikiokota. Tulipofika akaniwekea kopo mkononi, limejaa. "Malesh, samahani," akasema, "mgongo yangu haiwezi kila wiki." Akaenda zake.

Kesho ni Jumamosi. Wa kushoto kwangu watasogea kushika pangu, mimi nahamia kwako. Kama bado unatembea pale, nipishe, ndugu yangu, ukalale. Umeokota vya kutosha. Kocha akifika kwenye jina lako hapatakuwa na kimya tena, hilo nakuahidi. Nitajibu mimi, kwa sauti, na kwa Kiswahili chako hicho kibovu.

Deng