Kwa Yaya, Aliyeijua Siku ya Tetemeko

Mpendwa yaya wangu, dada yangu mkubwa Apolina,

Ungekuwepo ungeniambia nifupishe. Ulikuwa ukisema kwamba sisi walimu tunatia maelezo hata ndani ya salamu. Leo nivumilie, maana barua hii itasomwa na watu ambao hawakuwepo miaka ile ya hamsini, na nataka waelewe hatua kwa hatua jambo ulilolifanya.

Wakati ule ulikuwa Baraka, kando ya ziwa, ukinunua ndagala wabichi, ndio dagaa wetu, kwa wavuvi na kuwaanika mchangani. Mumeo, shemeji Wilondja, alikuwa fundi mwashi, na mimi nilifundisha shuleni Lubondja. Darasa letu jipya la matofali ya kuchoma alilijenga yeye. Asubuhi moja, wanafunzi wakiwa wamepanga mistari uani wakingoja kengele, ardhi ilitikisika. Ukuta wa upande wa mlima ukaanguka ndani, juu ya madawati matupu. Hakuna aliyeumia. Watoto walikimbilia makwao, nikabaki na vumbi na kengele mkononi.

Siku hiyohiyo niliandika ripoti kwa penseli ili niipeleke kwa ajenti wa serikali huko Fizi. Niliandika kwamba leo, saa ya wanafunzi kuingia darasani, ukuta umeangushwa na tetemeko. Karatasi nzuri na wino nilivipata siku tatu baadaye. Nikainakili ripoti neno kwa neno bila kubadili hata nukta, na juu yake nikaweka tarehe ya siku ile ya kunakili, kwa sababu ndivyo mapadri walivyotufundisha: nakala safi hubeba tarehe ya siku ilipoandikwa. Niliupenda mwandiko wangu, yaya. Niliutazama mara mbili kabla ya kufunga bahasha.

Ajenti alikuwa safarini Uvira siku hizo, hakusikia mtikisiko wowote. Kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alikiandikia kituo cha utafiti kilicho milimani, ng'ambo ya Bukavu, ambako kulikuwa na chombo cha kusikiliza ardhi usiku na mchana. Kituo kikajibu kwamba Ijumaa ile, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye ripoti, ardhi ilikuwa imetulia kabisa. Ajenti akaona mambo yako wazi: fundi alichanganya chokaa vibaya, na mwalimu anamfunika shemeji yake. Alitupa mwezi mmoja wa kujitetea. Baada ya hapo Wilondja angenyang'anywa kibali cha ufundi na kupelekwa mahakamani, na aliyetuletea habari hakuficha kwamba mwisho wake ungekuwa gereza.

Nilikuja Baraka kwa baiskeli kukuambia. Shemeji alikaa kizingitini akisugua mwiko wake kwa mchanga. Na mimi, acha nikiri leo, nilikuwa nimeanza kumtilia shaka. Chombo cha wataalamu kilisema hakuna tetemeko, na mimi niliwaheshimu wataalamu kuliko macho yangu. Ukaniona usoni.

"Ile siku dunia ilitetemeka, ao haikutetemeka?" uliniuliza.

"Ilitetemeka, yaya."

"Basi ile mashini haidanganye. Banaiuliza siku mubaya."

Ulisema hivyo huku ukigeuza samaki, bila kuniangalia. Nikakutajia siku waliyoiuliza, Ijumaa, ambayo kwetu huitwa siku ya tano, na wewe ukacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Siku ya tano? Siku ya tano mi nilikuwa nimeisha kufunga bifurushi na kubipakiza mu mutumbwi. Dunia ilitetemeka wakati niko natandaza samaki ya kwanza, nyuma ya mwezi mukubwa kuisha."

Kwa wasiojua ziwa letu: ndagala huvuliwa gizani, kwa mwanga wa moto unaowavuta juu. Mwezi ukiwa mpevu, moto haufai kitu, wavuvi hupumzika, na nyinyi wanawake wa mchangani hukaa bila kazi. Mwezi ukipungua, mitumbwi hurudi majini, na asubuhi ya samaki wa kwanza hakuna mwanamke wa Baraka anayeisahau, maana nyumba nzima imeingoja. Wewe hukuwa na kalenda. Ulihesabu kutoka asubuhi ile, siku moja ya kuanika, siku ya pili ya kugeuza, siku ya tatu ya kufunga, ukafika kwenye Ijumaa yangu na kuikuta imekaa mahali pasipo pake: asubuhi ya tetemeko ilikuwa Jumanne.

Jirani yako mmoja, aliyekuwa akitandaza pembeni, hakuniacha salama. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mitumbwi, "Mwalimu hajue siku, na sisi tunamupa batoto abafundishe." Wanawake wote walicheka. Nilistahili.

Nilirudi Lubondja nikafungua daftari la mahudhurio. Jumanne ilikuwa tupu. Hakuna jina hata moja lililotiwa alama, kwa sababu watoto walikuwa wamekimbia kabla sijawaita. Kalenda ya mapadri, yenye miduara midogo ya mwezi, nayo ilikubaliana nawe. Ndipo nikaichukua ripoti ya penseli, nikakumbuka karatasi niliyoingoja siku tatu, na tarehe niliyoiweka juu ya nakala. Shemeji hakuwa amekosea chokaa. Mimi nilikuwa nimekosea tarehe.

Usidhani mambo yakawa rahisi. Kituo kilihifadhi karatasi moja iliyochorwa na chombo kwa kila siku, na hakikufungua hazina yake kwa mtu yeyote bila ombi lenye tarehe, saa, mahali, sababu, na sahihi ya mkubwa wa serikali. Ili ajenti atie sahihi, nilipaswa kukiri kwa maandishi kwamba mwalimu alipeleka ripoti yenye tarehe isiyo ya kweli. Walimu walifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Nilirudi kwako nikakuomba tungoje kidogo, labda ajenti angelegeza moyo.

"Andika," ulisema.

Nikaanza kukueleza juu ya mkaguzi wa shule, watoto wangu, na miaka niliyotumikia.

"Mi sikuulize ile yote. Bwana yangu atafungwa juu ya wino yako. Andika."

Niliandika mezani kwako, na safari hii tarehe niliiweka mbele yako, ukaihesabu tena kwa vidole kabla ya kunirudishia kalamu.

Ajenti aliisoma barua yangu akiwa amesimama. Aliniuliza kama najua kwamba anaweza kuipeleka kwa mkaguzi. Nikasema najua. Akaniuliza kwa nini basi nimeileta. Nikamjibu kwamba dada yangu amesema niilete. Akaketi na kulitia sahihi ombi la kituo. Sikumpenda mtu yule, lakini siku ile alitaka kujua kweli, na hilo namkubalia.

Nikapanda mashua kutoka Baraka hadi Uvira, kisha lori hadi Bukavu, kisha lori jingine lililobeba mbao hadi kituoni. Mtunza hazina ile ya karatasi alikuwa mzee wa huko milimani, mwenye koti la kijivu na vidole vyeusi. Alinieleza kazi yake polepole, nami nilimsikiliza kama mwanafunzi. Karatasi hupakwa masizi ya taa mpaka iwe nyeusi tii, huzungushwa kwenye pipa dogo linalogeuka mchana kutwa, na sindano huichora mstari mweupe. Ardhi ikitulia, mstari hunyooka. Ikitikisika, sindano hurukaruka. Jioni karatasi hutumbukizwa kwenye vanishi ili masizi yasifutike, ikalazwa kwenye droo ya mwezi wake. Saa zao zilifuata zile za vituo vya aina hiyo duniani kote, saa mbili nyuma ya zetu, kwa hiyo tulitoa mbili kabla ya kutafuta.

Akanionyesha kwanza Ijumaa. Mistari mitupu. Kisha akavuta Jumanne, akaishika kwa ncha mbili na kuiinua dirishani. Mistari ilikwenda sawasawa kama shamba lililolimwa kwa kamba, halafu mmoja ukapasuka kuwa kichaka cheupe.

"Hii njo yenu, mwalimu," alisema, yaani ndiyo hii.

 Kisha akanifundisha kuisoma. Kila tetemeko hutuma mitikisiko miwili, wa haraka na wa polepole, kama wakimbiaji wawili walioondoka pamoja. Kadiri walivyotoka mbali, ndivyo wanavyoachana zaidi. Wa kwetu walifika wakifuatana kwa karibu, hivyo tetemeko halikutoka nchi ya mbali. Lilikuwa la ziwani, upande wetu. Alichora nakala kwenye karatasi inayopitisha mwanga, akaandika saa pembeni, akagonga muhuri.

Ajenti hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliikata kesi kwa mstari mmoja, na kwa mkono wake mwenyewe akaandika kwamba darasa la Lubondja lijengwe upya na fundi Wilondja. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikabaki na kazi yangu. Baiskeli haijawahi kuteremka Baraka kwa kasi ile.

Ulikuwa mchangani. Ulikataa kuishika karatasi kwa sababu ya harufu ya samaki mikononi, ukaniambia nikuonyeshe tu mahali penyewe. Nilipoweka kidole kwenye kichaka cheupe, uliinama ukatazama, kisha ukainuka na kuwaita wenzako. Waliacha samaki wao juani, wote, na kupanda njia wakiimba hadi kwenye mlango wa shemeji. Yule jirani aliyenicheka ndiye aliyeongoza wimbo. Shemeji alitoka akiwa amevaa koti lake la ndoa. Bado nakuona ukilifunga kifungo chake cha juu.

Ule ukuta wa pili umesimama mpaka leo, na mimi nimezeeka. Nikifikiria siku zile sioni aibu tena, naona fahari, na fahari yenyewe ni yako. Lakini kuna jambo ambalo sikukuambia. Kule kituoni, kabla ya kufunguliwa droo, nilipewa fomu. Moja ya nafasi zake iliuliza ni nani aliyelishuhudia tetemeko na kuthibitisha siku yake. Mzee wa hazina alidhani nitaweka jina langu, au la ajenti. Niliandika: Apolina, mwanika samaki, Baraka. Alisoma, akaitikia kwa kichwa, akaibana fomu ile pamoja na karatasi ya Jumanne, na kuilaza droo ileile. Yeyote atakayeomba karatasi ya siku hiyo atapewa pamoja na jina lako.

Pumzika kwa amani, yaya. Sina la kusahihisha tena.

Mdogo wako, mwalimu wa Lubondja