Kifuniko Kilichogeuzwa Hakimo Kwenye Jedwali Langu

Mpendwa Mama Makokha, naomba unisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu mkutano wa bodi ukishapita hata ushauri wako hautanifaa tena.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, naishi Section 58, na tangu Januari nimeajiriwa kwa mkataba wa miezi sita na ushirika mmoja wa maziwa huko Dundori, kazi yangu ni kuandika kazi za wenzangu, yaani kila kazi inayofanywa pale, kuanzia mlinzi hadi fundi wa tangi la kupozea maziwa, naifungulia ukurasa kwenye kompyuta kisha naivunja vipande, kitendo hiki kinafanywa na nani, kwa kifaa gani, kwa dakika ngapi, halafu anampokeza nani, na vipande vyote vimepangwa kwa mfumo mmoja ili mtu aweze kuiuliza kompyuta kazi zipi zinafanana na zipi zinaweza kuunganishwa, na nikwambie ukweli, Mama, niliuonea fahari mfumo huo, kazi ishirini na sita zimekaa kwenye jedwali moja bila hata nafasi iliyobaki wazi.

Shida ni ukurasa wa Mama Akoth. Huyu mama amepokea maziwa pale langoni kwa miaka kumi na mmoja, na nilipomwita ofisini kama nilivyowaita wengine nikamuuliza anafanya nini, alikunja mikono akasema, "Mimi napokea maziwa tu," nami nikaandika vitendo vitatu, kufungua mtungi, kupima, kumimina, basi, na meneja wetu, Bwana Kigen, alipouliza mfumo swali lake la kwanza ukamjibu kwamba kazi ya Mama Akoth inaweza kufanywa na mashine ya kupimia pamoja na karani wa mizani, akanipiga bega akaniambia, "Jeruto, hii ndiyo kitu bodi imekuwa ikingoja," na sasa anataka kuleta mashine yenye skrini kubwa inayoonyesha matokeo mbele ya foleni yote, na Mama Akoth aende nyumbani.

Wiki jana stima ilipotea ofisini nikatoka kuota jua karibu na lango, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekiona miezi yote hiyo. Mzee Kiplimo alileta mtungi wake, Mama Akoth akaufungua, akanusa, akapima, halafu akarudisha kifuniko kikiwa kimegeuzwa, ndani ikiwa nje, bila kusema neno, na yule mzee akasogeza mtungi kando akaenda kungoja nyuma ya stoo, na Mama, kila mtu kwenye foleni anajua maana ya kifuniko hicho, kwamba maziwa yamekataliwa, na kila mtu akatazama kwingine, mmoja akaanza kuongea habari za mvua, na foleni ilipoisha Mama Akoth akamfuata mzee akamwambia polepole kwamba ng'ombe wake ana ugonjwa wa kiwele, amwite daktari wa mifugo leo, si kesho.

Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akacheka. "Nyathina," huniita hivyo kama binti yake, "hiyo si kazi, hiyo ni heshima tu. Zamani karani alikuwa anapiga kelele, 'Haya mabaya, peleka nyumbani,' watu wakaona aibu, wakaanza kupea wachuuzi maziwa. Sasa hiyo utaandika wapi kwa kompyuta?"

Na ni kweli, mfumo wangu hauna mahali pa kuiandika. Nikamweleza Micah, mwenzangu wa idara ya mauzo, naye akaniambia, "Si uongeze tu vitendo kadhaa, maze, nani ataenda kuchek?" na nina aibu kukwambia kwamba nimeshaandika saba, vitendo ambavyo Mama Akoth hajawahi kufanya, nimeviweka kando, bado sijaviingiza. Nikisema mfumo una kasoro, meneja ataona nimempotezea wakati na mkataba wangu unaisha Juni, nikinyamaza mama wa watu anapoteza kazi kwa maandishi yangu, na kunyamaza nimeshakataa, hilo nimeamua, lakini sijui nidanganye kwa nia njema au nibomoe kazi yangu mwenyewe.

Jeruto, Section 58, Nakuru

Jeruto,

Pole, binti yangu. Lakini kabla sijakuonea huruma zaidi, nikugombeze kidogo.

Umekaa kitini, umewaita watu wazima mmoja mmoja ofisini, umewauliza wanafanya nini, ukaandika walichosema. Wewe ni mtoto wa huku. Hujui kwamba mama mwenye adabu akiulizwa habari za kazi yake hujipunguza? Ulitaka akae mbele ya kompyuta yako ajisifu? Mimi nilifanya kazi kiwanda cha blanketi miaka kumi na tisa. Siku moja alikuja bwana mwenye saa mkononi akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nakata nyuzi tu. Sikumwambia kwamba nilikuwa nikisikia mashine ikianza kuharibika kabla fundi hajajua, na kwamba wasichana watatu walibaki na vidole vyao vyote kwa sababu hiyo. Niliona ni kujigamba. Bwana yule akaandika "kukata nyuzi" na mwaka uliofuata sikuwa pale. Kwa hiyo barua yako imenichoma, na sitakujibu kwa upole tu.

Vile vitendo saba vifute leo. Usimsikize Micah. Siku mtu atakapoenda langoni na karatasi yako mkononi asivione, atakayeitwa mwongo ni Mama Akoth, na hata kifuniko hakuna atakayekiamini.

Mfumo usiubomoe pia. Una upungufu, uongezee. Shuka langoni asubuhi tatu mfululizo, kuanzia mtungi wa kwanza mpaka wa mwisho, na kompyuta uiache mezani. Kisha fungua sehemu mpya kwenye kila ukurasa: mtu huyu anaamua nini, anaangalia nini ndipo aamue, na akikosea ni nani anaumia. Na badala ya kuuliza "unafanya nini", uliza "siku usipokuja, nini huharibika?" Waulize pia walio kwenye foleni. Mzee Kiplimo atakwambia mengi kuliko Mama Akoth mwenyewe.

Ukimaliza, nenda kwa Bwana Kigen kabla ya bodi, si mbele ya bodi. Mwambie hivi: nilikosea, na hapa ndipo nilipokosea. Usipigane na mashine, maana kupima inaweza. Mwambie skrini itazame upande wa Mama Akoth peke yake, asome matokeo yeye, na kifuniko akigeuze yeye. Mkumbushe habari za wale waliopeleka maziwa kwa wachuuzi. Huenda akakasirika. Huenda Juni ikafika usiongezewe mkataba, sitakudanganya. Lakini utatoka pale ukijua kuandika kazi ya binadamu, na leo bado hujui. Zile kurasa nyingine ishirini na tano nazo zirudie. Mlinzi naye alikwambia analinda tu, sivyo?

Na jambo la mwisho. Kabla meneja hajauona ukurasa mpya wa Mama Akoth, mpelekee mwenyewe, umsomee polepole, umuulize kama kuna kilichobaki. Atakwambia ni hayo tu. Usifunge kompyuta, Jeruto. Kaa hapo hapo, umuulize tena.

Mama Makokha