Swala Asiye na Masikio

Mpendwa Shangazi,

Najua huko Magwagwa ulikoolewa majani ya chai hayakupi nafasi ya kuketi, kwa hivyo nakuandikia barua utakayoisoma ukiwa umesimama.

Unamkumbuka yule swala? Ilikuwa wiki yangu ya kwanza hapa Tabaka. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, na katika banda la wachonga mawe niliwaogopa wote isipokuwa wewe. Mzee Ombati, mwenye banda, alinipa swala wa jiwe aliyemchonga siku nzima, nimlainishe kwa msasa na maji. Nilitaka aone bidii yangu. Nikasugua bila kupumzika mpaka masikio yote mawili yakaishia ndani ya karai.

Mzee alimgeuzageuza mkononi. "Nimechonga tangu kabla ya Uhuru. Huyu ni mnyama gani?"

Wewe ukashika mbavu. "Si ulisema alainishwe, Mzee? Amelainika!" Mzee akamweka rafuni.

Kisha ukanitoa mikono majini. Ilikuwa myeupe, imekunjamana, vidole havikunjiki. "Bidii yako naipenda, mama," ukaniambia, "lakini usiimalize leo. Kesho nitaihitaji."

Tangu siku hiyo, jua likipanda, ulikuwa ukiita, "Mikono nje!" Sisi wasuguaji sote saba tukaacha maji baridi na kushika vikombe vya uji wa wimbi wenye moto. Wachongaji walinung'unika. "Hawa wanakunywa kuliko wanavyosugua!" Lakini hakuna aliyeacha kazi, Shangazi, hata mmoja.

Ulipoolewa, hakuna aliyeita tena. Tulisugua kutwa nzima. Vidole vikapasuka, nyimbo zikakoma, na wawili wakarudi makwao. Baba akanitafutia kazi ya kuuza vitambaa mjini Kisii, nianze Jumatatu. Nilikubali, ingawa sikutaka kuliacha banda lile.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho, nilifika mapema nikapika uji kwenye sufuria yako. Jua lilipopanda nikasimama. Unajua mimi na watu. Nikasema kwa sauti ndogo kama ya kifaranga, "Mikono nje."

Mzee Ombati akaweka kisu chini, akafuta vumbi mikononi, akaja kunyoosha mkono.

"Na mimi? Au uji ni wa wenye mikono majini tu?"

Banda zima likalipuka kwa kicheko!

Sikwenda mjini. Baba alinuna siku mbili, kisha akaona ninavyoamka nikiimba, akaniacha. Wale wawili wamerudi. Mzee mwenyewe sasa ndiye anayeleta wimbi.

Sauti yangu nayo imekua. Jana niliita kwa nguvu hivi kwamba Mzee akatazama rafuni na kusema, "Leo hata yule swala amesikia."

Njoo siku moja unywe nasi. Kikombe chako tumekiacha mahali pake.

Ni mimi niliyebaki,
Binti wa kaka yako